Maji ya Bwana

Newala, Jumatatu, 10 Julai 1905

Karatasi zimebaki, wino umebaki, na mimi nimebaki, basi naandika. Masista wa Masasi walitufundisha kwamba anayejua kuandika asiache siku ipite bure. Siku zangu zimekuwa zikipita bure tangu mume wangu, Mwalimu Cyril, alipofariki mwaka juzi, na sikuona haja ya kuziwekea tarehe. Sasa nina kazi, na kazi yenyewe ni ya ajabu kiasi kwamba nisipoiandika nitakuja kuambiwa natia chumvi.

Naangalia samaki. Kuna Mzungu tunayemwita Bwana Chupa, kwa sababu ya chupa zake nyingi zenye wadudu waliokufa. Alikuwa Lindi akichunguza samaki, homa ikamwandama, daktari akamwamuru apande huku juu kwenye upepo. Akapanda, na bahari akapanda nayo. Sebuleni kwake ana sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda, limejaa maji ya bahari, mchanga, na mawe yenye matundu yaliyotolewa pwani. Ndani mna samaki wadogo wa rangi rangi, konokono, na samaki mmoja mkubwa wao, mwenye mdomo mgumu, ambaye wavuvi wa Lindi humwita kikande.

Kazi yangu ni kuteka maji ya sanduku kwa kata, kuyainua, na kuyamwaga humo humo kutoka juu ili yapate hewa. Nateka, nainua, namwaga, kutwa, nikipokezana na mpishi, Mama Zena. Pia naandika nani kala nini. Jua likiyapunguza maji tunaongeza maji matamu ya kunywa, si ya bahari, maana chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Maji matamu hayo wanawake huyafuata bondeni, asubuhi kushuka, mchana kupanda na mtungi kichwani. Mama Zena husema samaki wa Bwana anakunywa kuliko yeye, na hata asante hasemi.

Jumatano, 12 Julai

Upepo. Nimeteka, nimemwaga.

Jumanne, 18 Julai

Leo nimeumwa. Nilitia mkono sandukuni kunyoosha jiwe, nikashika kitu laini. Kikajikunja. Mkono ukawasha hadi kwenye kiwiko, na vidoleni nikaona vinywele vyeupe, vyembamba, vimechoma ngozi. Ni kiwavi wa baharini, mnyoo mwenye manyoya ya sumu. Bwana alisema hao ndio adui zake. Walijificha ndani ya mawe tangu Lindi, hakuwaona, na gizani hutoka wakala samaki waliolala. Kuna na kaa wadogo wanaokata mapezi.

Alinitoa vinywele kwa kibano, kimoja kimoja, kwa subira. Mikono yake inatetemeka kwa sababu ya kwinini lakini hakuniumiza. Mume wangu hakuwa na subira ile. Sikulia. Siku hizi hata maumivu yananifikia kwa kuchelewa.

Alasiri kiwavi yule yule alichungulia kutoka kwenye tundu, na kikande akamvuta. Akamtema, akamnyonya tena, akamtema, mpaka manyoya yakamtoka, kisha akammeza. Bwana alipiga magoti mbele ya kioo. Akaniambia niandike kila kitu. Anataka kujua ni samaki gani anayekula viumbe wenye madhara, ili watu wanaofuga samaki kwao Ulaya wasipate hasara. Alisema, "Huyu, Ethel, anatusafishia nyumba."

Jumanne, 25 Julai. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo

Mdogo wangu Filemoni amerudi kutoka Lindi na madebe mawili ya maji ya bahari kwenye mzega. Kila mwezi Bwana humtuma. Anashuka hadi pwani, anaingia maji hadi kiunoni mahali pasipo na uchafu, anajaza, anaziba midomo ya madebe kwa nta na kitambaa, anarudi na kupanda huku. Mama yetu aliyeko Lulindi anaona aibu kuwaambia majirani kwamba mwanawe wa kiume, aliyesoma kwa masista, ni mchota maji. Akiulizwa husema yuko kwenye kazi ya Bwana. Majirani wanadhani ni ukatekista, na mama hawasahihishi.

Filemoni anacheka hata kwa jambo lisilochekesha. Alikaa na Mama Zena jikoni akamweleza kwamba watu njiani humuuliza anabeba nini, naye huwajibu, "Maji ya Bwana," nao humpisha wakidhani ni maji ya ubatizo. Mara moja bibi mmoja aliomba tone la kumpaka mtoto mgonjwa. Nikamuuliza alimpa? Akasema alimpa, na mtoto alipona, au angalau hakufa siku ile.

Nilimwambia asifanye mzaha na jina la Mungu. Akaniambia, "Dada, wewe ulicheka lini mara ya mwisho?" Sikumbuki.

Alhamisi, 3 Agosti

Kikande amekula viwavi wawili. Bwana ana homa lakini ana furaha.

Jumapili, 13 Agosti

Wauza chumvi waliotoka upande wa Kilwa wanasema kuna vita huko Umatumbini. Watu wamepewa dawa, maji tu, ukinywa na kupakwa risasi ya Mzungu inageuka maji mwilini. Mama Zena aliuliza kama maji hayo yanatibu na magoti. Tulicheka kidogo. Nimeandika hapa kwamba nilicheka, Filemoni akiniuliza tena nimwonyeshe.

Jumatatu, 21 Agosti

Kaa wote wamekwisha. Mara mbili Bwana ameniambia niandike neno "wote", na mimi nimeandika.

Alhamisi, 24 Agosti

Askari wamefika na Bwana Luteni wao, wamepiga kambi upande wa pili wa soko. Si watu wa huku. Kiswahili chao ni cha amri. Bwana Luteni ametangaza kwamba njia ya Lindi imefungwa, hakuna mtu kushuka pwani bila ruhusa yake, Mzungu wala Mwafrika. Jioni alikuja kula kwa Bwana Chupa. Alilitazama sanduku, akagonga kioo kwa kidole, samaki wakakimbia. Bwana Chupa hakupenda lakini alitabasamu.

Jumamosi, 26 Agosti

Maji ya sanduku yameanza kunuka. Samaki mdogo wa manjano amekufa. Bwana alimwita Filemoni nyuma ya jiko, mahali ambapo mimi na Mama Zena tunachambua mbaazi, wala hakutufukuza. Alimwomba aende Lindi kwa njia ya vichakani, kimya kimya, awahi. Alisema "tafadhali". Mzungu aliyesema tafadhali kwa mchukuzi, mimi sijapata kumwona. Filemoni alikubali kwa ajili ya neno hilo, namjua.

Nilimsindikiza hadi mwisho wa mihogo. Nikamwambia njia imefungwa, asiende. Akasema njia imefungwa kwa watu wa vita, yeye ana vita na nani? Akaning'iniza madebe matupu kwenye mzega, akaenda akiyagonga kwa vidole.

Ijumaa, 1 Septemba

Masasi pamechomwa. Misheni, shule, kanisa. Masista wamekimbia. Darasa nililojifunzia herufi hizi sasa ni jivu. Nimeyaandika hayo, nimeyasoma, nikaenda kuteka.

Jumanne, 5 Septemba

Mama Zena huwapelekea askari mihogo ya kuchemsha kambini, kwa hiyo habari tunazo. Wanavishukia vijiji kimoja kimoja, wanachoma maghala. Jana kijana mmoja pale sokoni alimwita dadake amletee maji. Maji ya kunywa tu. Askari akasikia neno "maji", akampiga kwa kitako cha bunduki hadi akatema meno.

Sasa hakuna anayelitamka. Wayao wanasema mesi, kwa lugha yetu, maana askari hawaijui. Wengine wanasema "ile ya mtungini". Hata Bwana Chupa, tukiwa uani, huonyesha kwa kidole. Nyumba nzima inaishi kwa maji na neno lenyewe limetoweka vinywani mwa watu.

Jumapili, 10 Septemba

Viwavi nao wamekwisha. Kikande alikaa siku nzima mbele ya tundu tupu akisubiri. Jioni alimkata mkia samaki wa bluu.

Jumanne, 12 Septemba

Amemmaliza samaki wa bluu. Leo ameanza konokono, anawageuza chali na kuwavunja kwa mdomo. Nilimwambia Bwana tumtenge. Bwana alitazama kwa muda mrefu, akasema hapana, tuone. Nikamuuliza: si ulisema anatusafishia nyumba? Akajibu kwamba kikande hajui nani mwenye madhara na nani hana. Sisi ndio tunaojua. Yeye ana njaa tu.

Alilisema kama mtu anayesoma kitabu. Niliangalia dirishani, moshi ulikuwa bondeni sehemu tatu.

Alhamisi, 14 Septemba

Filemoni hajarudi. Nimeteka, nimemwaga.

Jumatatu, 18 Septemba

Hajarudi.

Ijumaa, 22 Septemba

Kikande amebaki peke yake. Analala ubavu sehemu kubwa ya siku, kinywa wazi. Maji yamekuwa rangi ya chai. Nikimwaga na kata anainuka kidogo, nikiacha anarudi kulala. Bwana hali chakula. Namwonea huruma, na mara nyingine nashangaa mahali ninapoitoa huruma hiyo, kwa sababu kwa ajili ya watu wa Masasi sikuwa nayo ya kutosha.

Jumatano, 27 Septemba

Wamemkamata Filemoni.

Mama Zena alikuja mbio kutoka bondeni, alikowapelekea askari wa zamu mihogo, sinia bado liko kichwani, akakaa chini nalo. Alikuwepo. Filemoni alitokea vichakani pale bondeni, karibu na kisima, amekonda, mzega begani. Alikuwa amejificha Lindi wiki nyingi akingoja njia itulie. Huko hakusikia habari ya neno. Nani angemwambia?

Askari wakamsimamisha, wakamuuliza amebeba nini.

Akajibu kama alivyozoea kujibu. "Maji ya Bwana."

Mama Zena anasema askari walitazamana kwanza. Kisha ombasha, mkubwa wao wa zamu, akauliza, Bwana gani? Filemoni akaona wamechukia, akatabasamu ili kuwapoza, akasema Bwana Chupa. Hawakumjua mtu wa jina hilo. Kwa askari wale, Bwana mwenye maji ni yule mganga anayegawa dawa ya vita, na mtu anayetoka vichakani na madebe yaliyozibwa kwa nta, akitabasamu, wanajua wamfanye nini. Wakaonja. Yana chumvi. Wakasema hata ladha yake si ya maji ya Mungu.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Nikawa nayatazama maneno yake yakipita.

Baadaye

Nimekwenda kwa Bwana Chupa. Alikuwa amekwisha sikia. Nilimwambia kazi ni ndogo, avuke soko, aseme, "Nilimtuma mimi."

Alikaa kitandani akavaa kiatu kimoja. Kisha akakivua. Akasema, "Ethel, nikisema nilimtuma baada ya amri, watanishusha Lindi kesho, na samaki huyu atakufa njiani. Kazi ya miaka minne." Akasema Filemoni ni Mkristo, anajua kusoma, watamchapa viboko na kumwachia, si zaidi. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema ndivyo anavyodhani.

Nilimchukulia huyu kuwa mtu mwema. Bado nadhani ni mwema. Ila nilidhani wema ni kitu ambacho mtu akiwa nacho, anakuwa nacho kwa ajili ya kila mtu.

Alhamisi, 28 Septemba

Baraza kambini. Wafungwa ni wengi, wamefungwa minyororo ya shingoni, safu moja. Filemoni alikuwa wa katikati, karibu na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Aliniona. Hakutabasamu. Ni mara ya kwanza nimemwona usoni bila kicheko na sikumfahamu vizuri.

Bwana Luteni alimwita Bwana Chupa, akamuuliza kwa Kiswahili ili watu wote wasikie: mtu huyu umemtuma wewe? Bwana Chupa akasema hakumtuma. Maji anayo ya kutosha.

Basi Bwana Luteni akasema wote waliokamatwa na maji watanyongwa kesho jua likipungua, safu nzima, ili bonde lote lione. Alisema neno lenyewe, "maji", na watu wakaangalia chini.

Sikupiga kelele. Nilisubiri mpaka watu wamepungua, nikamfuata alipokuwa akinawa mikono. Niliogopa sana, naliandika hilo maana sikuwa nimeogopa kitu kwa muda mrefu na karibu niisahau hali yenyewe. Nikamwamkia. Nikamwambia, Bwana, maji ya sanduku yamepungua, yananuka, samaki amelala ubavu. Kama madebe ya ndugu yangu ni dawa ya vita, samaki atakufa. Kama ni maji ya bahari aliyotumwa, samaki atasimama. Njoo umimine uone.

Alinitazama akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa amechoka na kambi, akataka kitu cha kutazama. Akasema kesho mchana atakuja.

Ijumaa, 29 Septemba. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Nitaandika kwa utaratibu.

Walikuja mchana, Bwana Luteni na ombasha mmoja, na askari wawili wenye madebe. Bwana Chupa alikuwa amesimama mbele ya sanduku, uso mweupe. Alisema kitu kwa Kijerumani. Bwana Luteni aliniashiria. Mimi na Mama Zena tukatoa maji machafu kwa ndoo, mengi, hadi kikande akabaki kwenye kina cha shubiri, tumbo likigusa mchanga. Tukavunja nta. Nikamimina debe la kwanza, taratibu, kutoka juu, kama kila siku.

Hakuna kilichotokea. Nikamimina la pili.

Kikande alitikisa pezi moja. Akabaki hivyo. Nikaendelea kuteka na kumwaga kwa kata, kwa sababu mikono inaijua kazi hiyo hata nisipokuwepo. Halafu akasimama. Aliyumba, akasimama tena, akaenda kwenye jiwe akaling'ata, akalizunguka sanduku lote.

Na Bwana Chupa akasahau. Alipiga magoti, akashika kioo kwa viganja viwili, akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa mtoto wake, "Mwezi mzima nimeyangoja maji haya. Mwezi mzima. Nilimwambia awahi."

Alisema kwa Kiswahili. Kwa nini, sijui. Labda samaki huyu huzungumza naye Kiswahili.

Bwana Luteni akacheka. Akacheka sana, akamwinua Bwana Chupa kwa kumshika bega, wakaanza kusemezana Kijerumani, na Bwana Chupa naye akacheka, machozi yanamtoka. Likawa jambo la kuchekesha kati yao. Hakuna aliyemshusha Lindi. Bwana Luteni akamgeukia ombasha akasema, "Nenda kambini, mwambie shaushi wa wafungwa amwachie yule wa maji." Kisha akaagiza kahawa.

Nilimwona ombasha akivuka soko. Hakukimbia, lakini hakuchelewa pia, jua lilikuwa juu bado. Mama Zena alinishika mkono. Nikapika. Nilisonga ugali wa mtama na mbaazi za nazi, ile nazi moja tuliyokuwa tumeiweka kwa sikukuu. Nilifagia ukumbi. Nilikuwa na kitu kifuani, nadhani ni furaha, kilikuwa kinauma.

Jua likapungua. Ngoma za kambi zikalia, kisha zikaacha. Nikasema moyoni, hao ni wale wengine, Mungu awapokee. Nikafunika chakula.

Magharibi mtu alisimama kwenye mlango wa jiko. Ni yule mzee wa ndevu nyeupe. Shingo yake ilikuwa na kidonda cha mnyororo. Nilitazama nyuma yake. Nikatoka nje nikatazama njia, hadi sokoni.

Mzee wa kumzidi mama yangu umri alijiinamisha akasema, "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye uliyenisemea."

Sikuitikia. Nilimuuliza Filemoni yuko wapi.

Alikaa chini. Jina lake ni Fikirini, mkulima wa Lupaso. Alisimulia polepole na mimi sikumharakisha. Ombasha alifika, akamwambia shaushi: amri ya Bwana, yule wa maji aachiliwe. Shaushi alitazama safu akauliza, wa maji ni nani? Wote walikuwa wa maji. Ndiyo kesi yao. Ombasha naye hakujua zaidi, yeye aliambiwa yule wa maji. Basi shaushi akapita mbele yao akiuliza: nani wa maji? Nani wa maji? Na hakuna aliyejibu. Wiki hizi zote anayelitamka neno hilo anapigwa, anayelikiri ananyongwa. Walidhani ni mtego.

Nikamuuliza, na Filemoni?

"Alikuwa pembeni yangu. Alinishika nguo. Siku aliyoletwa alituambia sote, neno hilo msiliseme tena, mimi ndilo lililonileta hapa. Akaangalia chini, akanyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa, mama. Sitakudanganya, nilikunywa na nikapakwa. Nilidhani wanamtaka wa kwanza kunyongwa. Nimechoka kungoja, miguu imevimba. Nikasema, mimi ndiye wa maji. Nikapiga hatua mbele. Wakanifungua."

Hakujua amefunguliwa kwa nini mpaka ombasha alipomwambia aende akamshukuru mama wa nyumba ya samaki. Alipogeuka nyuma, safu ilikuwa imekwisha anza kupelekwa kwenye miti.

Chakula kilikuwa pale. Nilimfunulia. Alikula chote, kwa sababu hajala siku nyingi, huku analia. Nilimtafutia chuki moyoni mwangu, nikaikosa. Nikakosa na kitu kingine chochote.

Jumamosi, 30 Septemba

Bwana amesema pole. Amesema mara nyingi. Samaki ni mzima.

Jumapili, 1 Oktoba

Mama Zena alikwenda kambini kuomba maiti, hakupewa. Sikwenda kuteka leo. Bwana alishika kata mwenyewe. Nilimsikia kutoka jikoni, anateka, anamwaga, hajui kuinua vizuri, maji yanamwagika sakafuni. Akaja mlangoni akasimama. Aliuliza kama kesho nitakuja. Nilimwambia sitakuja kesho wala siku nyingine, aniandikie ruhusa ya kwenda kwetu Lulindi njia ikifunguliwa. Alisema lakini, Ethel, nani ataandika anachokula? Nikamwambia hakuna kilichobaki cha kula humo.

Alirudi sebuleni. Nilimsikia ameanza tena na kata.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mzee Fikirini amelala siku mbili katika banda la kuni. Leo ameamka, ameoga, Mama Zena amempaka mafuta shingoni. Anarudi kwao Lupaso kwa njia ya vichaka, atapita Lulindi. Mimi bila ruhusa siwezi kupita. Nikamwomba afike kwa mama yangu. Nilimwelekeza nyumba: ya pili kutoka kanisani, yenye uzio wa minyaa, na mama mwenyewe ni mfupi, anapenda kusimama nje.

Nilitaka kuandika barua. Mama hajui kusoma, na msomaji wake alikuwa Filemoni alipokuwa akipita, hivyo nikaiacha.

Mzee akauliza aseme nini. Nikamwambia aseme Filemoni amekufa, asizunguke, mama hapendi mtu wa kuzunguka. Akasema hilo ataweza. Alisimama mlangoni na fimbo aliyokata mwenyewe, hakuondoka.

"Ataniuliza mimi ni nani, mama. Ataniuliza nilikuwa wapi mwanawe alipokufa, na kwa nini mimi nimerudi. Nitamwambia mimi ni nani?"

Nilikaa nikilifikiria swali lake kwa haki, maana lilikuwa la haki. Mama Zena aliacha kutwanga.

"Mwambie," nikasema, "wewe ndiye yule wa maji."